Diski Moja, Kazi Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Maabara ya Droni Lubumbashi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na viunga vyake katika miaka ya hivi karibuni. Majina ya taasisi, ya mgodi, ya kikosi cha jeshi na ya mshirika wa nje yameondolewa, na mambo kadhaa madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya wakuu wa maabara, wajumbe wa kamati za utafiti na maofisa wanaoandaa mikataba, ambao mara nyingi hukutana na swali hili wakati karatasi zimekwisha kuwekwa mezani na kalamu iko mkononi: maabara ya kiraia inapopokea kazi kutoka jeshini, ni kitu gani hasa kinapaswa kutenganishwa, na kitenganishwe wapi? Rai yangu ni kwamba mpaka huo unawekwa pale data inapovuka mlango wa maabara, na kwamba watu waliohusika hapa walitumia muda mwingi kubishana juu ya fedha na nia njema huku mlango wenyewe ukiwa wazi.

Mazingira

Katanga inaujua uhusiano wa utafiti wa kiraia na wa kijeshi kuliko inavyosimuliwa. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulianza kuchimbwa mwaka 1921 kwa sababu ya radiamu, ambayo hospitali za wakati ule ziliitumia kutibu saratani, na urani iliyobaki ilionekana haina thamani kubwa. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière du Haut-Katanga, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua kwa ajili ya mradi wa bomu la atomiki. Zaidi ya miongo mitatu baadaye, mwaka 1976, kampuni binafsi ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG ilipewa na serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, eneo kubwa kaskazini mwa Shaba (jina la Katanga wakati huo) ili kujaribu roketi, ambazo yenyewe ilisema ni za kurusha setilaiti kwa bei nafuu. Roketi zilirushwa mwaka 1977 na 1978. Muungano wa Kisovyeti ulidai kuwa ni makombora, majirani wakapatwa na wasiwasi, na mwaka 1979 serikali ikaufunga mradi. Kampuni ilikana hadi mwisho, lakini ilikuwa ikifanya kazi mahali ambapo haikuwa rahisi kwa mtu wa nje kuingia na kukagua, hivyo kukana kwake hakukuwa na uzito.

Maabara tunayoizungumzia ni ndogo mno ukiilinganisha na hayo. Ni chumba kimoja kikubwa katika taasisi ya elimu ya juu, chenye mkuu wake, ambaye ni profesa mwanamke anayeitwa na wote Mama Profesa, asistanti wawili na wanafunzi wachache wanaoandaa memuare, yaani tasnifu ya kumaliza masomo. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za angani kwa droni na kuziunganisha kwa programu ili kupata ramani na umbo la ardhi kwa vipimo vitatu. Walilenga kufuatilia kuta za mashimo yanayochimbwa na wakrezeri, yaani wachimbaji wadogo wa mikono, ambazo humomonyoka wakati wa mvua, pamoja na kingo za mabwawa ya mabaki ya migodi. Fedha zilitoka katika mgao wa asilimia 0.3 ya mauzo, ambao sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni kuutenga kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Fedha hizo zilinunua droni na kompyuta. Hazikutosha kwa mafuta ya gari, betri za ziada wala jenereta ya siku umeme unapokatika.

Nchi za Afrika ziliahidi huko Khartoum mwaka 2006 kwamba kila moja itatenga asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Kwa maabara hii ahadi hiyo ilikuwa habari ya mbali sana, na msomaji akumbuke jambo hilo kabla ya kumhukumu yeyote aliyetia saini.

Namna mambo yalivyokwenda

Miezi michache kabla ya mvua, koloneli wa kitengo cha uhandisi cha jeshi alifika kwenye maabara akiwa na barua. Barabara moja ya vumbi inayounganisha vijiji kadhaa ilikuwa ikikatika kila mwaka katika sehemu zilezile, kalvati zilikuwa zimezibwa na udongo, na kikosi chake kilikuwa kimepewa jukumu la kuitengeneza. Alihitaji ramani ya mitaro na madaraja. Mwishoni mwa mazungumzo aliongeza maombi mawili: maabara imsaidie kuunda mawasiliano ya redio ya masafa marefu kati ya droni na rubani wake aliye chini, na siku za usoni waangalie uwezekano wa kamera ya joto inayoonyesha picha mfululizo usiku. Badala yake jeshi lingetoa gari, mafuta na betri, na lingerahisisha vibali vya kurusha droni, ambavyo hutoka kwa mamlaka ya usafiri wa anga lakini kwa kawaida havisogei bila ridhaa ya vyombo vya usalama.

Mkataba wa kurasa mbili ulitiwa saini haraka. Ulikuwa na sentensi moja kuhusu usiri: matokeo ya ushirikiano hayatatolewa kwa watu wengine isipokuwa kwa ridhaa ya pande zote mbili. Haukusema matokeo ni nini.

Kazi ya barabara ilifanyika vizuri. Droni ilirushwa kwa urefu wa takriban mita 100, na kwa kamera waliyokuwa nayo kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, ilikuwa na upana wa karibu sentimita 3 ardhini. Mvua zilipoanza, kalvati kadhaa zilikuwa zimebadilishwa kwa kufuata ramani hiyo.

Barabara hiyo, hata hivyo, inapita kando ya mashimo ambayo maabara ilikuwa ikiyapima kwa ajili ya mradi wake wa awali. Droni ilikuwa moja na timu ilikuwa moja, na katika wiki zilezile waliruka asubuhi kwa ajili ya mashimo, mchana kwa ajili ya barabara. Picha zote zilihifadhiwa kwenye diski moja ya nje, katika mafaili yaliyopewa majina ya tarehe, bila alama yoyote inayoonyesha safari ipi ni ya nani. Ofisa alipofika kuchukua matokeo, asistanti aliyekuwepo alimnakilia diski nzima, kwa sababu ramani iliyokamilika ilikuwa bado inachakatwa na ofisa hakutaka kurudi mikono mitupu. Ndani yake zilikuwemo picha ghafi za mashimo, ambazo ndani yake mtu angeweza kuhesabu maturubai, pampu za maji na watu waliosimama ukingoni.

Wiki ya tatu baada ya safari za mwisho, askari walifika kwenye mashimo hayo na kuwaondoa wachimbaji. Timu ya maabara ilipokwenda tena kupima kuta, ilirushiwa mawe kabla haijashusha mizigo. Mama Profesa aliomba kuonana na mwenyekiti wa ushirika wa wachimbaji, naye alikubali kukutana naye kando ya barabara, akiwa amesimama. Alimwambia: "Mama Profesa, ile ndege yenu tuliiona ikizunguka siku ya Jumanne. Wiki ya tatu basoda wakafika. Sisi hatukusoma sana, lakini kuhesabu siku tunajua."

Wakati huohuo suala la kamera lilikuwa likiendelea kivyake. Chuo kikuu kimoja cha Ulaya, kilichoshirikiana na maabara kwa miaka kadhaa, kilikuwa kimekubali kuazima kamera ya joto kwa ajili ya kutafuta maji yanayovuja kwenye kingo za mabwawa alfajiri, wakati udongo wenye maji na udongo mkavu vinapotofautiana joto. Kilidai tamko la maandishi kwamba kamera itatumika kwa kazi za kiraia tu. Ofisi ya utawala ya taasisi ililitia saini. Miezi kadhaa baadaye ofisi hiyohiyo ilituma Ulaya taarifa ya fedha ikiwa na mkataba wa jeshi kama kiambatisho, na humo kamera ya joto ilitajwa. Kamera haikuja, na ushirikiano mzima ukasimamishwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukubali. Mama Profesa aliueleza bila kuzungukazunguka: barabara ilikuwa haja ya kweli ya wanavijiji, jeshi ndilo lililokuwa na mashine za kuitengeneza, na bila gari maabara isingefika hata kwenye mashimo yake yenyewe. Sioni kosa hapo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuweka mambo matatu yasiyofanana, yaani ramani, redio na kamera, ndani ya mkataba mmoja. Uongozi wa taasisi ulitaka hivyo kwa sababu kila mkataba hupitia ofisi nyingi, na mvua haingesubiri mihuri. Ramani ya barabara ni kazi ambayo mtu yeyote angeweza kuonyeshwa. Redio ya masafa marefu yenye usimbaji fiche ni jambo ambalo jeshi lina haki ya kulifanya siri. Kamera ilikuwa mali ya mtu wa tatu mwenye sheria zake. Zikiwa pamoja, kila moja ilibeba masharti ya nyingine.

Uamuzi wa tatu haukuonekana kuwa uamuzi: kutumia diski moja. Hakuna aliyeujadili.

Uamuzi wa nne ulifanywa baada ya kadhia ya mawe. Mama Profesa alisimamisha safari zote, za kiraia na za kijeshi, akaandika barua mbili kwa siku moja, moja kwa koloneli na nyingine kwa ushirika, akieleza kwa maneno yaleyale ni picha zipi zilikuwa zimetoka na lini. Baadhi ya wenzake waliona anajiletea matatizo. Kwa maoni yangu barua hizo ndizo zilizouokoa mradi, kwa kuwa kila upande ulipoulizana na mwingine ulikuta maelezo hayatofautiani.

Matokeo

Barabara ilipitika katika msimu ule wa mvua. Upimaji wa kuta za mashimo ulisimama msimu mzima, ambao ndio msimu kuta huporomoka. Uhusiano na chuo cha Ulaya haujarudi kikamilifu. Mwanafunzi aliyefanya kazi ya redio hakuweza kutetea memuare yake kwa wakati.

Je, picha za droni ndizo zilizowaleta askari? Koloneli alikana, na ana hoja: amri ya kuwaondoa wachimbaji ilitoka ngazi nyingine, na inaelekea ilikuwa imeandaliwa kabla. Kitengo chake ni cha uhandisi na hakikushiriki. Lakini maabara haikuwa na daftari linaloonyesha nakala ngapi zilitolewa, kwa nani, na zikiwa na nini ndani, wala jeshi halikuwa na wajibu wa kusema zilikopelekwa baadaye. Hivyo madai ya mwenyekiti hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa, na kwa mtu aliyebomolewa turubai yake hilo halina tofauti na ukweli.

Uchambuzi

Mjadala uliofuata ndani ya taasisi ulikwenda moja kwa moja kwenye maadili: je, inafaa mtafiti wa kiraia achukue mafuta ya jeshi? Kuna nchi zilizojibu swali hilo kwa sheria na kanuni. Mwaka 1969 bunge la Marekani, kwa pendekezo la seneta Mike Mansfield, liliizuia wizara ya ulinzi kugharimia utafiti usio na uhusiano wa moja kwa moja na kazi za kijeshi. Chuo kikuu cha Bremen, Ujerumani, kiliamua mwaka 1986 kutopokea utafiti wa kijeshi kabisa. Majibu yote mawili yanategemea kitu ambacho Lubumbashi haina, yaani mfuko wa pili. Marekani ilikuwa na wakala wa taifa wa kugharimia sayansi tangu 1950, kwa hiyo mtafiti aliyefungiwa mlango mmoja aliweza angalau kubisha mwingine. Hapa kifungu cha Bremen kingezaa tokeo moja tu la hakika: barabara isingepimwa na mashimo yasingepimwa pia.

Kwa sababu hiyo naona chanzo cha fedha si mahali pa kuweka mpaka katika mazingira yetu. Pikseli ni mahali bora zaidi. Mhandisi anayetafuta mtaro na mwelekeo wa maji anatosheka na picha-ramani ambayo pikseli yake ni sentimita 20. Kwa kipimo hicho, mtu anayeonekana kutoka juu ni nukta mbili au tatu zisizo na umbo, na pampu ndogo haitambuliki kwa urahisi, ingawa turubai kubwa bado lingeonekana. Kushusha ubora wa picha kabla ya kuikabidhi ni kazi ya dakika chache kwenye programu ileile inayotengeneza ramani. Ingefanyika kabla ya diski kunakiliwa, swali la nani alimwonyesha nani lingekuwa dogo sana, maana pangebaki kidogo tu cha kuonyesha. Wengi wetu tuliofundishwa kwamba picha nzuri zaidi ni ile iliyo kali zaidi tunaona uchungu kufanya hivyo, na nadhani hiyo ndiyo sababu halikumjia mtu yeyote akilini.

Kamera inafundisha jambo hilohilo kwa upande wa sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 821 ya mwaka 2021 kuhusu bidhaa za matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi, inatofautisha kamera za joto kwa kasi yake, miongoni mwa vigezo vingine: zile zisizozidi picha 9 kwa sekunde, kwa sehemu kubwa, hazimo katika udhibiti unaozihusu zile zenye kasi zaidi. Ukingo wa bwawa haukimbii, na picha 9 kwa sekunde zinautosha na kubaki. Anayehitaji 30 ni yule anayefuatilia kitu kinachokwenda. Maabara ingeomba kwa maandishi kamera ya kasi ndogo, ikataja sababu hiyo, tamko lake la matumizi ya kiraia lingekuwa na uthibitisho ndani ya kifaa chenyewe. Iliomba kamera "ya joto" bila kusema zaidi, huku mkataba mwingine ukitaja picha mfululizo za usiku. Zaidi ya hayo, kanuni hiyohiyo inaziruhusu mamlaka kudai kibali hata kwa kifaa kisichoorodheshwa, endapo kinaelekea kwenye matumizi ya kijeshi katika nchi iliyo chini ya vikwazo vya silaha, na Kongo imekuwa katika vikwazo vya Umoja wa Mataifa tangu azimio 1493 la mwaka 2003, ingawa kwa upande wa serikali vililegezwa baadaye. Mwanasheria wa chuo cha Ulaya hakuwa na haja ya kuamini au kutoamini mtu. Alisoma karatasi mbili zenye saini ya ofisi moja, akaona hazipatani.

Aliyeumia kuliko wote ni mwanafunzi wa redio, na kwa bahati mbaya ndiye aliyezungumzwa kidogo kuliko wote. Alikuwa amejenga antena, amepima masafa na ameandika sura zote. Jopo halikuweza kukaa kwa sababu utetezi wa memuare hufanywa hadharani na nakala huwekwa maktaba, wakati mkataba ulikataza matokeo kutolewa. Jeshi lilipoulizwa halikukataa, halikujibu. Barua ilikaa kwenye meza fulani mwaka mzima wa masomo, pengine kwa kuwa hakuna ofisa aliyejua nani ana mamlaka ya kusema ndiyo. Usiri usio na muda wala mtu wa kuutolea uamuzi haumlindi hata mwenye siri. Kijana alilazimika kuandika upya kazi yake akitumia vipimo vya maabara tu, bila usimbaji fiche, na akatetea mwaka uliofuata. Taasisi inayompa mwanafunzi kazi ya aina hiyo ingepaswa kumweleza kwa maandishi, kabla hajaanza, ni sura zipi zitakuwa zake na zipi hazitakuwa.

Kilichofanikiwa kilifanikiwa kwa sababu zinazoonekana: ramani ya barabara ilikuwa na mtumiaji aliyejulikana, tarehe ya mwisho iliyowekwa na mvua, na hakuna sehemu yake iliyohitaji kufichwa.

Maabara sasa ina mikataba miwili inayojitegemea. Wa ramani unasema picha ghafi hazitoki, na kinachokabidhiwa ni picha-ramani ya sentimita 20 iliyoandikwa kwenye daftari la makabidhiano. Koloneli alipinga, akisema kwa kipimo hicho hataona nyufa za daraja, na alikuwa na haki. Walikubaliana kwamba madaraja yatapigwa kwa safari za peke yake, kwa ubora kamili, katika eneo lisilozidi mita 50 kila upande. Wa redio unatoa siku 30 za kusoma memuare kabla ya utetezi, na ukimya baada ya hapo unahesabiwa kuwa ridhaa.

Ushirika wa wachimbaji ulipoonyeshwa rasimu uliomba kitu ambacho hakuna mtaalamu aliyekifikiria: kila ramani inayopita juu ya mashimo yao wapewe wao kwanza, kabla ya jeshi. Maabara imekubali. Jeshi halijajibu, na ninafahamu kwa nini linasita, lakini ombi hilo lina nguvu kuliko vifungu vingine vyote, kwa sababu linawapa watu walio chini ya droni nafasi ya kuona wenyewe kile ambacho wengine wataona. Hadi uchambuzi huu unaandikwa, kuta za mashimo zimeanza kupimwa tena, upande mmoja tu, ule ambao wachimbaji wameruhusu.